Kiyoyozi kwenye Pikapu Kuukuu: Anza na Rejeta, si Gesi

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na Oktoba hiyohiyo ndipo jua la Masasi linapoanza kuunguza huku mvua ikisubiriwa. Pikapu za hapa hufanya kazi nzito kuliko wakati wote katika miezi ambayo kebini haikaliki. Ukifunga vioo unaiva, ukivifungua vumbi jekundu la njia za vijijini linakukaa mapafuni. Ndiyo maana wenye Hilux za dizeli za zamani, Land Cruiser na Nissan Hardbody zilizokuja bila kiyoyozi huulizia kufungiwa.

Inawezekana kabisa. Ila gereji nyingi huanzia mwisho, yaani kompresa na gesi, halafu gari likianza kuchemsha kwenye mlima wa Newala lawama anabebeshwa dereva.

Kwanza jiulize unaishi wapi na unaendesha wapi. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma, na upepo wake mara nyingi unatosha. Masasi iko chini, kwenye tambarare iliyozungukwa na vilima vya mawe kama Mtandi, na mawe hayo hushika joto hadi usiku. Anayezunguka Newala na Tandahimba tu anaweza kutulizwa na mipira mipya ya milango, vioo vinavyopanda hadi juu na feni ya ndani inayofanya kazi. Anayeshinda Masasi, au anayepita mashambani wakati mikorosho inapulizwa salfa huku vioo vimefungwa, ana sababu ya kutoa fedha.

Hata huyo aanze na kebini. Pikapu kuukuu huvuja kila mahali: chini ya pedali, pembeni mwa gia, kwenye matundu ya nyaya ukutani mwa injini. Joto la injini na gia boksi hupandia humo. Ziba matundu, weka zulia nene juu ya kizuia joto, badilisha mipira. Kazi hii ni rahisi, na bila hiyo kiyoyozi kitakuwa kinapoza barabara.

Halafu injini. Kondensa, ile rejeta nyembamba ya kiyoyozi, hufungwa mbele ya rejeta ya maji. Hewa inayofika kwenye maji inakuwa imekwisha kupashwa moto. Kama gari lako linasogea karibu na alama nyekundu ukiwa na mzigo, hata kabla ya kiyoyozi, usiendelee mbele. Rejeta ifunguliwe na kusafishwa ndani, thamostati na mfuniko vikaguliwe, na kava la feni lirudishwe mahali pake. Gereji zetu zina mtindo wa kulitoa na kulitupa, na bila kava feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Kisha kondensa ipewe feni yake ya umeme.

Mtihani wenyewe ni kupanda kutoka tambarare kwenda Newala na mzigo. Hapo mwendo ni mdogo, upepo wa mbele ni haba, na injini inavuta kwa nguvu zote. Injini ya Hilux ya 2L ilikuwa na nguvu za farasi 80 hivi ilipotoka kiwandani, na kompresa yaweza kula tatu hadi tano. Tambarare hutazihisi, mlimani utazihisi. Mwambie fundi afunge swichi ya joto inayokata kompresa yenyewe injini ikizidi kupata moto, na wewe ujizoeze kuzima kwa mkono kabla ya mpando. Ukifika juu, washa.

Umeme nao una hesabu yake. Feni ya ndani, feni ya kondensa na klachi ya kompresa kwa pamoja zinaweza kuvuta ampea 25 au zaidi. Altaneta ndogo ya zamani ikiwa bado ina taa za usiku za kulisha, betri itaanza kuishiwa taratibu, na utalaumu betri. Pima volti taa na feni vyote vikiwa vimewashwa na injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta: zikiwa chini ya 13, altaneta ishughulikiwe kwanza. Kila feni iwe na rilei na fyuzi yake, isichomekwe kwenye waya wa taa. Viyoyozi vya umeme mtupu vinavyouzwa kwa ajili ya malori hula umeme mwingi mno kwa altaneta ya namna hii, labda uwe na betri za ziada.

Spea sasa. Lililo bora ni seti nzima ya gari la aina yako, injini ileile, kutoka kwenye nusu-kata au gari lililobomolewa. Ugumu haupo kwenye kompresa, upo kwenye bracketi yake na puli ya kuongezea kwenye kranki. Bracketi ya kuchomelea isipokaa sawa, belti huliwa pembeni na kupiga kelele, na siku moja hukatika. Angalia pia nyuma ya dashibodi: aina nyingi zilitengenezwa zikiwa na nafasi ya evaporeta, kile kipozeo cha ndani, tayari. Na usisahau kifaa cha kuinua sailensa, la sivyo injini itatetemeka kila kompresa inaposhika.

Kompresa ya mtumba ikubali tu kama matundu yake yalikuwa yamezibwa na inazunguka kwa mkono bila kukwaruza. Draya na ringi za mpira ziwe mpya siku zote, bila mjadala. Draya ndiyo inayonyonya unyevu, na iliyokaa wazi dukani imekwisha kushiba.

Kuhusu gesi, gari la zamani lililowahi kuwa na kiyoyozi huenda lilitumia R12, ambayo utengenezaji wake katika nchi zinazoendelea ulikoma mwaka 2010 chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Sasa utajaziwa R134a. Oili yake ni tofauti, na mabomba ya zamani huivujisha gesi hii, kwa hiyo vyote vibadilishwe. Akija mtu na mtungi wa gesi ya kupikia akidai inapoza vizuri, mkatalie. Kweli inapoza, ila bomba likipasuka ndani ya kebini mnakaa na gesi inayowaka moto, na cheche moja ya swichi inatosha.

Kabla ya kujaza, fundi ajaribu mvujo kwa naitrojeni, kisha anyonye hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, na geji isimame bila kurudi. Akiruka hatua hii unyevu hubaki ndani, huganda kwenye vali, na kiyoyozi hupoza dakika chache kisha hukata, kisha hurudi. Gesi ipimwe kwa mizani kwa kiasi cha seti yako, si kwa kupapasa bomba kwa kiganja. Gesi ikizidi haipozi zaidi, hupandisha presha na kuitesa kompresa.

Matunzo hapa ni vumbi na salfa. Kondensa ioshwe kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa mashine ya presha inayokunja mapezi. Newala maji ni ya kuhesabiwa, lakini ndoo moja na kopo vinatosha. Ukipita shamba linalopulizwa salfa, weka mfumo uzungushe hewa ya ndani.

Fungisha mwezi Agosti au mapema Septemba, msimu usikukute gereji. Patana na fundi kwa maandishi, kila spea na bei yake, na bakiza sehemu ya fedha. Siku ya kukabidhiwa, chukua kipimajoto: saa saba mchana, injini ikizunguka kidogo juu ya sailensa na vioo vimefungwa, hewa kwenye tundu la katikati ikishuka chini ya nyuzi 10, kazi imeenda vizuri. Kisha pakia mzigo, panda Newala, tazama geji ya joto, na ukirudi salama malizia malipo.