Muhogo wa Akiba kwa Mwaka wa Ukame

Mkulima akaaye kando ya Ziwa Victoria hudhani kwamba ukame ni habari ya watu wa Shinyanga. Sivyo. Maji ya ziwa hayapandi mlimani kumwagilia mtama. Katika ukame wa 2005 na 2006 mazao yalikauka, na ziwa lenyewe likashuka.

Hapa Mwanza mvua huanza Oktoba au Novemba, nazo mara nyingi hukatika Januari au Februari kabla ya kurudi Machi. Mahindi yakishikwa na jua wakati wa kutoa mbelewele, hayazai vema hata mvua ikirudi. Mtama hukunja majani ukangoja. Muhogo hupukutisha majani, lakini mizizi yake hukaa salama ardhini. Basi yafaa kila nyumba iwe na kipande cha muhogo kisichoguswa mwaka wa neema, na kila mwaka kipandwe kingine, maana muhogo ukikaa mno huwa na nyuzi ngumu. Chagua pingili za mashina yasiyo na batobato. Panda katika luseni, si mbugani panapotuama maji. Kati ya matuta weka vizuizi vifupi vya udongo, mvua isikimbie. Kazi hii huumiza mgongo, sikatai. Lakini Ukiriguru waliijaribu tangu miaka ya 1940 wakaona faida yake.

Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1985, huko Tarime, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, kwa kuwa hawakuwa na chakula kingine cha kungojea. Sumu yake ikawadhuru. Miguu yao, hasa ya wanawake na watoto, ikakakamaa ghafula, wala haikupona. Ugonjwa huo huitwa konzo. Muhogo mchungu lazima umenywe, ulowekwe siku tatu au nne hata ulainike, kisha uanikwe hata ukauke kabisa. Kuanika peke yake hakutoshi.

Sasa hesabu. Mtu mzima hula karibu nusu kilo ya nafaka kwa siku. Watu sita humaliza debe moja kwa siku sita hivi. Kwa hiyo usingoje kihenge kiwe kitupu. Anza kung'oa muhogo ungali na madebe mawili ya mtama nyumbani, upate siku za kuuloweka na kuuanika.