MOYO UMETULIA, DAWA HAIACHWI

Kijitabu cha nyumbani kwa aliyechomwa njia za umeme wa moyo, na kwa wote wanaoishi naye

Kwa nini nimekiandika

Nimechoka kuwapokea watu waliokwisha kupata nafuu. Mtu amehangaika miaka na moyo unaokwenda mbio bila mpangilio. Ndugu wamechanga, amekwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au amepelekwa hadi India. Amepitishwa mirija kwenye kinena mpaka moyoni, na sehemu iliyokuwa ikivuruga mapigo imechomwa. Amerudi nyumbani anatembea, majirani wamekuja kumpa pole. Kisha siku moja analetwa kwa bajaji, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, anataka kuita jina la mwanawe na ulimi hautii. Namwuliza mkewe: dawa ya kulainisha damu alikuwa anameza? "Aliacha, dokta. Alisema ameshapona."

Neno kubwa humu ndani

Usiache dawa ya kulainisha damu mpaka daktari wako wa moyo akuambie acha.

Dawa yenyewe ni ipi

Ni ile inayozuia damu isigande. Wengi wamepewa warfarini, wengine rivaroksabani au apiksabani. Soma jina kwenye boksi na uliandike. Usiichanganye na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Hiyo ni dawa nyingine kabisa. Wapo waliochomwa kwa ajili ya aina nyingine ya mapigo ya kasi, na wengi wao hawapewi dawa hii. Kama hukuandikiwa, usiitafute wala usimeze ya mwenzako.

Moyo unapotetemeka badala ya kupiga, damu hutuama pembeni, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Baada ya kuchomwa, ndani ya moyo pana kidonda kibichi, na juu yake damu huweza kuganda pia. Ndiyo maana miezi 2 hadi 3 ya mwanzo hakuna aliyeandikiwa dawa hii wa kusamehewa. Baada ya hapo daktari ataangalia umri wako, presha, kisukari, kama uliwahi kupata kiharusi, kama moyo umechoka. Wengine wataambiwa acha, wengine wataambiwa endelea maisha yote, hata kama moyo umetulia kabisa.

"Lakini mimi sisikii kitu"

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mapigo mabovu huweza kurudi usiku umelala, au mchana unapiga randa, na usisikie chochote. Kutosikia si ushahidi. Nimemhudumia seremala aliyeniapia kuwa moyo wake haujaruka tangu atoke hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha unaruka palepale, tukiwa tunazungumza. Yeye alikuwa bado anameza dawa yake, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Usiache.

Kama hela imekwisha

Najua dawa hizi ni ghali, na najua kuwa si kila anayeacha anaacha kwa ukaidi. Lakini mtu huja kuniambia dawa ilikwisha wiki tatu zilizopita. Njoo zikibaki za siku 7. Sema mbele ya daktari, bila haya, kwamba huimudu hii. Mara nyingi ipo ya bei nafuu ya kubadilishiwa. Usikate kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Usimeze leo ukaruka kesho. Usiazime kwa jirani mwenye ugonjwa wa moyo, kwa maana warfarini yake si kipimo chako. Ukisahau kidonge cha warfarini, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Ikishafika kesho, meza cha kesho tu, usimeze viwili.

Wenye kumeza warfarini, someni hapa mara mbili

Dawa hii haina mzaha upande wowote: ikipungua damu inaganda, ikizidi damu inavuja. Ndiyo sababu ya kile kipimo kinachoandikwa INR kwenye kadi yako. Kwa wengi namba inatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Usikose tarehe ya kipimo hata kama unajisikia mzima.

Duka la dawa ndilo linaloniharibia wagonjwa. Tumbo likiuma mtu ananunua flajili. Mafua, anachukua septrini. Zote mbili hupandisha nguvu ya warfarini na mtu anaanza kukojoa damu. Mgongo ukiuma anachomwa sindano ya diklofenaki: usikubali, wala sindano ya makalio ya aina yoyote, kabla hujasema unameza dawa ya kulainisha damu. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki: usijinunulie. Maumivu madogo, panado kwa kiasi kilichoandikwa yatosha, na ikipita siku mbili tatu njoo tukuone. Anayeanza dawa za kifua kikuu aseme mapema, kwa sababu rifampisini huipunguza warfarini nguvu. Dawa za mitishamba, za kunywa au za unga wa mlonge, zilete tuzione kwanza. Mwanamke anayemeza warfarini asibebe mimba bila kuzungumza na daktari. Na ikishaingia, aje siku hiyo, asisubiri kliniki ya kwanza, wala asiache dawa kimyakimya.

Mchicha, kisamvu na matembele havijakatazwa. Kula kiasi kilekile ulichozoea kila wiki. Usikae mwezi bila mboga kisha ule sufuria nzima.

Na ambaye valvu yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, asibadilishe warfarini kwa dawa mpya alizosifiwa na mtu. Kwa huyo, warfarini ndiyo.

Miezi 3 ya mwanzo moyo utakusumbua

Moyo kuruka pigo moja moja, kukimbia dakika chache, hata ule ugonjwa wenyewe kurudi kwa muda: haya hutokea kwa watu wengi wakati kidonda kinapona. Hela yako haijapotea bure. Pigo la moyo huweza pia kuwa la kasi kidogo kuliko zamani hata umekaa. Usikate tamaa, na usikimbilie kwa mganga.

Jifunze kupima mapigo. Kaa dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu dakika nzima kwa saa. Andika namba, andika kama yalikuwa sawasawa au yanarukaruka, andika saa na ulichokuwa unafanya. Daftari hilo daktari atalipenda kuliko maelezo marefu. Moyo ukikimbia, kaa chini, pumua taratibu, kunywa maji. Mapigo yakizidi 120 kwa muda mrefu ukiwa umetulia, nenda hospitali.

Ukizimia, ukibanwa kifua, au pumzi ikikata, hapo hakuna kuhesabu. Nenda.

Kinena

Michubuko ya bluu ni kawaida. Usinyanyue ndoo ya maji, gunia wala mtoto kwa wiki moja, na bodaboda iache wiki hiyo. Damu ikitoka, lala chali, mtu akandamize kwa nguvu kwa ngumi dakika 10 bila kuchungulia. Isipokoma, au uvimbe ukikua, hospitali mkiwa bado mnakandamiza. Tendo la ndoa lingoje mpaka kidonda kifunge.

Homa baada ya wiki kadhaa

Homa hii ni nadra, lakini inaua, na wengi huidhania malaria. Mpaka miezi 2 baada ya kuchomwa, homa, kumeza kwa maumivu, kutapika damu, maumivu ya kifua au dalili za kiharusi ni lazima hospitali kubwa. Useme mlangoni: "Nilichomwa moyo." Usikubali kuingizwa mpira wa kuangalia tumbo kabla daktari wa moyo hajajulishwa.

Ukianguka

Aliyegonga kichwa, kwa bodaboda au kwa kuteleza bafuni, aende hospitali hata kama haumwi.

Pombe, mirungi, sigara

Acha.

Mfungo

Mwambie daktari kabla Shaabani haijaisha, asije akakuta umejipangia mwenyewe. Warfarini humezwa mara moja kwa siku, hivyo yaweza kuwa baada ya futari. Rivaroksabani inataka chakula, nayo imezwe wakati wa futari. Apiksabani ni mara mbili: futari na daku. Kwa hiyo mfungo si sababu ya kuacha dawa, wala safari, wala msiba, wala harusi ya Tanga. Dawa iingie mkobani kabla ya nguo.

Kwa wanaoishi naye

Wewe mke, wewe mume, wewe mwana mkubwa: angalieni boksi kila Ijumaa. Vidonge vikibaki vingi kuliko inavyotakiwa, mwulizeni kwa upole, kwa sababu anayefokewa huficha. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikatika, tazameni saa, muikumbuke. Si upepo, si jini, na asikandwe. Msimpe chakula wala maji, asije akapaliwa. Tafuteni gari lolote la kumpeleka hospitali, wakati huohuo.

Bandikeni nyuma ya mlango

Jina la dawa ya kulainisha damu na saa ya kuimeza.
Tarehe aliyochomwa moyo, na hospitali.
INR ya mwisho, na tarehe ya kipimo kijacho.
Simu ya kliniki ya moyo.
Simu ya jirani mwenye gari.
Na kwa herufi kubwa, juu ya yote: HAACHI DAWA MPAKA DAKTARI WA MOYO ASEME.