Kupiga Windows au Kuisakinisha? Kitenzi cha Karakana na Kitenzi cha Kamusi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kitenzi kimoja cha mafundi wa kompyuta wanaohudumia maduka, stationari na ofisi ndogo ndogo za Dar es Salaam. Mwenye duka anapompelekea fundi mashine iliyoganda, hamwambii 'nisakinishie mfumo endeshi'. Humwambia 'nipigie Windows'. Ni rahisi kwa mwanaistilahi kuuona msemo huu kuwa ni lugha ya mitaani, akauandika 'sakinisha' na kuendelea na kazi yake. Hoja yetu ni kwamba vitenzi hivi viwili si visawe. Vinatofautiana kisintaksia, na tofauti hiyo inatokana na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

2.0 Fundi na Uchaguzi Wake

Fundi wa aina hii huamua mambo mengi kwa niaba ya mteja wake. Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa bado nzima. Lakini Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine za miaka ya nyuma nyingi hazikidhi masharti yake. Je, mteja abaki na toleo la zamani, anunue mashine nyingine, au ahamie Linux, ambayo ni ya bure? Mwenye stationari ambaye printa yake na programu yake ya mahesabu vimezoeana na Windows hataki kusikia habari za Linux, na fundi anayejua atakayelaumiwa printa ikigoma humwelewa.

Lugha ya kiolesura nayo ni uamuzi wa fundi. Kiswahili hakikukosekana: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Windows nayo imekuwa na kiolesura cha Kiswahili. Hata hivyo mafundi huacha Kiingereza. Si kwa dharau. Ujumbe wa hitilafu ukitokea, fundi huunakili neno kwa neno ili autafutie dawa, na maelezo ya dawa hiyo yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo istilahi zilizomo katika violesura vya Kiswahili hazimfikii mtu ambaye angezieneza kuliko mwingine yeyote.

3.0 Yambwa ni Nini?

Tuzingatie mifano ifuatayo:

(1) a. Fundi amepiga ukuta rangi.
b. Fundi amepiga mlango msasa.
c. Fundi amepiga kompyuta Windows.

(2) Fundi amesakinisha Windows kwenye kompyuta.

Katika (1) kitu kinachotendewa ni mali ya mteja: ukuta, mlango, kompyuta. Nomino ya pili hutaja kifaa au malighafi, na kitenzi 'piga' kimepungua uzito wa maana yake ya asili. Ndiyo maana katika kauli ya kutendwa tunapata 'mashine hii imepigwa Windows juzi', sawasawa na 'ukuta umepigwa rangi'. Katika (2) yambwa ni programu, na kompyuta imebaki kuwa mahali tu. Hili linapatana na asili ya 'sakini', yaani kukaa mahali: programu inapewa makazi. Mhandisi aliyeiunda programu bila shaka huliona jambo hivyo. Mteja hulipia mashine yake ishughulikiwe, na fundi wa kompyuta amerithi sarufi ya seremala na mpaka rangi.

Kwa upande mwingine, 'pakua' imekubalika karakanani na kwenye kamusi pia bila ubishi. Wali hupakuliwa chunguni, shehena hupakuliwa melini, wimbo hupakuliwa mtandaoni. Yambwa haikubadilika tabia. 'Kishikwambi' kilienea kwa njia nyingine kabisa, kwani vyombo vyenyewe viligawiwa makarani wa sensa ya mwaka 2022 vikiwa na jina hilo tayari. Nomino huweza kubebwa na kitu. Kitenzi hubebwa na sentensi. Ama 'sanidua', inayokutwa kwenye simu zenye kiolesura cha Kiswahili, imetundika kauli ya kutendua juu ya shina la Kiarabu, jambo ambalo wazungumzaji hawalifanyi kwa kawaida. Nasi bado hatujamsikia fundi akilitamka.

4.0 Mipaka ya 'Piga'

Anayetaka kuiingiza 'piga Windows' kamusini, pembeni mwa 'piga pasi' na 'piga randa', azingatie kwamba matumizi yake yana mipaka. Mafundi tuliozungumza nao hupiga Windows na hupiga Linux, lakini programu ya kuzuia virusi 'huwekwa', na WhatsApp 'huwekwa' vilevile. Kinachopigwa ni kile kinachoienea mashine nzima, kama rangi inavyouenea ukuta. Kinachoongezwa juu yake huwekwa, kama picha inavyowekwa kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi.