SOMO: FARASI ANAYEVUTA MAGOGO

Tukisikia kazi ya kukata miti, tunafikiri mara moja mashini. Lakini Ubelgiji, katika misitu ya Ardennes, hata leo kuko watu wanaovuta magogo na farasi. Juu ya nini? Mashini nzito inakandamiza udongo: maji hayapiti tena vizuri na mizizi inakosa hewa. Farasi anapita katikati ya miti, na miche midogo inabaki.

Farasi wa Ardennes ana uzito wa kilo 700 mpaka 1 000. Anavuta na mabega. Kola ya ngozi lazima imkae vizuri: ikimbana, pumzi inakatika; ikilegea, inamchubua. Mnyororo unafungwa kwenye gogo. Mtu anamwongoza kwa sauti na kwa kamba. Anatembea pembeni, hata siku moja mbele ya gogo wala upande wa chini wa mlima. Gogo likigeuka, linavunja mguu.

Na kwetu Kongo? Katika sehemu nyingi nzi wa tsetse analeta nagana, na farasi anakufa. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 huko Api, na baadaye Gangala-na-Bodio, walifundisha tembo kulima na kuvuta magari.

Tunajifunza nini? Nguvu bila akili inaharibu. Tena mnyama hawezi kusema "nimechoka". Ni sisi tunaopaswa kuona. Tusome Mezali 12:10, halafu tujibu: nyumbani kwetu nani anabeba mizigo, naye tunamwonea huruma?