Kununua Bunduki ya Kuwindia Yenye Kitako cha Mti

Bunduki ya rifali tunayoieleza leo ni ile ambayo mwindaji huvuta chuma nyuma kutoa ganda, kisha hukisukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Chuma hicho hufunga na kufungua mfano wa komeo la mlango, nasi tutakiita komeo. Mjerumani Paul Mauser alitoa umbo lake mashuhuri mwaka 1898, na mafundi wengi wamelifuata mpaka leo.

Katika Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo somo hili lawahusu zaidi waishio mahali ambapo kuwinda kwa kibali kwaruhusiwa, kama vile Tanzania. Huko nako, kibali cha kumiliki silaha hutangulia fedha.

Watu wengi hununua kwa macho. Huona kitako cha mti wa jozi chenye mishipa mizuri, kinachong'aa kwa mafuta ya kitani, wakasahau kwamba mti, hata uliokatwa miaka 50 iliyopita, haujaacha kunywa maji. Wakati wa mvua hufura, wakati wa kiangazi hunywea. Ukifura upande mmoja husukuma mtutu, na bunduki iliyopiga katikati ya shabaha Mombasa yaweza kupiga kando ikifika bara penye ukavu. Mnyama akiwa mbali, kosa hilo dogo humtia jeraha tu, na nyati mwenye jeraha huweza kumgeukia anayemfuata kichakani.

Basi chukua ukanda wa karatasi, uupitishe kati ya mtutu na mti, toka mbele kuelekea nyuma. Ukikwama upande mmoja tu, mti umepinda. (Mafundi wengine huacha mti uguse mtutu kwenye ncha makusudi, hilo si kosa.) Kisha tazama nyuma ya chuma, pale pembamba pa kushikia. Hapo ndipo teke la bunduki hupiga, na ufa mwembamba kama unywele hujificha chini ya rangi. Mti mweusi na laini hapo umelowa mafuta ya miaka mingi. Nguvu zake zimekwisha.

Lakini kabla ya yote hayo, elekeza mdomo mahali pasipo mtu, fungua komeo, uhakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba hamna risasi. Muuzaji akisema ni tupu, hakikisha vivyo hivyo.

Linganisha nambari ya komeo na ile ya mwili wa bunduki. Komeo lililotoka katika bunduki nyingine huweza kuacha nafasi kubwa nyuma ya risasi. Ganda hupasuka, na moto hurudi usoni. Zikitofautiana, usiipige kabla fundi hajaipima. Soma pia jina la risasi lililochorwa juu ya mtutu, usikubali nyingine iliyo karibu kufanana nayo. Halafu toa komeo utazame ndani ya mtutu kwenye mwanga: mistari iwe wazi, pasiwe na vishimo vya kutu.

Ukiisha kuinunua na kuipaka mafuta, iweke kwanza mdomo ukielekea chini, mafuta yasichuruzike yakaingia katika mti.