Tairi la nyuma, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Mau Narok, wewe unayefunga mitungi ya maziwa kwenye pikipiki kabla hakujapambazuka, nimekusikia. Tairi la nyuma limebaki kipara, mvua za Machi ziko mlangoni, na kijana wa stejini anakwambia uweke lile la meno makubwa, usiulize mengi.

Uliza, mpenzi. Hesabu kwanza njia yako. Kutoka bomani hadi barabara kuu ni tope tupu, sawa. Lakini ukishaikanyaga lami, unateremka nayo mpaka Njoro, siku nyingine mpaka Nakuru mjini. Meno marefu yaliyoachana yanafaa topeni kwa sababu tope hupata pa kuingia, kisha hurushwa nje gurudumu likizunguka. Kwenye lami iliyolowa, ncha za meno hayo ndizo tu zinazogusa barabara. Ukishika breki unateleza, kona inakutia baridi, na tairi lenyewe linaisha upesi.

Mimi niliwahi kudanganywa na urembo. Niliweka tairi pana kuliko la awali, nikasifiwa kweli. Mvua ya kwanza, nikielekea Kuresoi, tope likajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma. Nilichuchumaa kando ya njia nikichokoa kwa kijiti, watoto wa shule wamesimama wananitazama kama sinema.

Kwa hiyo usibadilishe kipimo. Kisome ubavuni mwa tairi la zamani: 3.00-18 maana yake upana ni inchi 3 na rimu ni inchi 18. Karibu na hapo pana nambari ya uzito. 52, kwa mfano, ni kilo 200. Usiipuuze. Mitungi miwili ya lita 50 ikijaa maziwa inapita kilo 100, hujajihesabu wewe wala pikipiki. Kisha tafuta tarakimu 4 za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na unaoanikwa juani nje ya duka huzeeka haraka zaidi.

Ningekuwa wewe, ningechukua meno ya wastani, yaliyokaribiana katikati na kuachana pembeni, pamoja na tyubu mpya. Hakikisha fundi amefuata mshale wa mzunguko. Wala usikubali kupunguza upepo ovyo ati upate kushika tope. Ukiwa na mzigo, tairi litateleza juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu.

Siku za kwanza endesha taratibu, tairi jipya lina utelezi. Na yule kijana muulize yeye hubeba nini. Kama ni abiria wa mjini tu, meno yake ni ya kupigia picha.