Kipima-gesi Kinapolala

Ndugu mchimbaji, hapa Kirotshe na Sake hatuhitaji kufundishwa mazuku ni nini. Ni gesi karboniki itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, inayojaa mabondeni na mashimoni pasipo upepo. Siku hizi kuna vipima-gesi vinavyopeleka habari kwa telefone bila waya, kwa njia ya Bluetooth. Tuone namna gani kipimo kinaweza kupima vema, na telefone ikanyamaza.

Ndani ya kipimo mna akili mbili: moja ya kupima, ya pili ya redio. Programu inayoziongoza huitwa draiva. Draiva huamsha redio kwa zamu. Kwanza umeme utulie. Kazi hiyo inasaidiwa na vidude vya tantali, madini yanayopatikana katika koltani kama ya Rubaya. Halafu saa yake ianze kupiga, ndipo redio ifunguliwe na kupewa programu. Ukiruka hatua, redio inaamka imechanganyikiwa, ao haiamki kabisa.

Kulala ndiko kugumu. Redio ikikesha, inakula batri bure. Basi inalala, ikibakiza saa ndogo inayopiga mara 32 768 kwa sekunde. Redio nyingine za Texas Instruments zina adabu nzuri: haziendi kulala bila kuaga. Redio inasema «nataka kulala», akili kubwa inajibu «lala». Wakati wa kazi: «amka», na jibu «nimeamka». Akili kubwa ikisema kabla ya jibu hilo, neno linapotea, hata kama neno ni «hatari». Kwa hiyo fundi asijaribu kipimo kikiwa macho tu. Akijaribu hasa dakika ile kinapolala.

Wewe, kiwashe penye hewa safi, ngoja kimalize kujipima, ndipo ushuke. Kivae kifuani, usikie kengele yake kwa sikio lako. Tena uliza kama kinapima karboniki. Vingi vinapima oksijeni tu na gesi nyingine, na kengele ya oksijeni mara nyingi hulia ikishuka chini ya 19,5%. Karboniki ikifika 5%, ambayo ni hatari, oksijeni ingali karibu 19,9%: kimya!

Na anayeshika telefone mdomoni mwa shimo asihesabu kimya kuwa salama. Avute kamba, aite mwenzake kwa jina. Asipojibiwa, asishuke kumfuata bila chombo cha kupumulia.